Moyo ni Pampu: Somo la Kisima, Bucha na Koo la Mtoto

Neno moyo tunalitumia kila siku mpaka limechakaa. Tunatiana moyo, tunavunjana moyo, na bumu likichelewa tunajikaza kwa moyo wa chuma. Lakini msimamishe mwanafunzi yeyote hapo kantini, umwombe aoneshe kwa kidole mahali moyo wake ulipo. Wengi watagusa kushoto kabisa, karibu na kwapa. Wengine watagusa pale tunapopaita chembe ya moyo, chini ya mfupa wa kati wa kifua. Kumbe pale kwenye chembe ni mlango wa tumbo, na ndiyo maana kiungulia kinawatisha watu wakadhani moyo unawaka.

Mimi ni mzaliwa wa Samuye, kata ya wilaya ya Shinyanga, kwenye barabara ya kuelekea Tinde. Nasoma udaktari, mwaka wa tatu. Mhariri aliniomba makala ya afya ambayo mtu wa sheria, wa uhasibu na wa ualimu wataisoma bila kutafuta kamusi. Nimechagua moyo kwa sababu kwetu kuna watu wanaugua moyo wakidhani wamerogwa, na kuna watoto ambao leo wanaumwa koo tu, ila baada ya miaka kumi watakuwa wagonjwa wa moyo. Kati ya hao watoto na ugonjwa huo kuna sindano moja ya bei ndogo. Ili uelewe sindano ya koo inaingiaje kwenye habari za moyo, lazima kwanza tuufungue moyo wenyewe.

Uko wapi, na una ukubwa gani

Kunja ngumi. Huo ndio ukubwa wa moyo wako, takriban. Kwa mtu mzima una uzito wa gramu 250 hadi 350. Umekaa katikati ya kifua, nyuma ya ule mfupa wa kati, umebanwa na mapafu mawili, na chini yake kuna msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Umeinama: ncha yake inaelekea chini kushoto, ndiyo maana mapigo unayasikia zaidi upande huo. Nje umevikwa mfuko mwembamba wenye majimaji kidogo, ili uweze kucheza bila kukwaruzana na vitu vya jirani.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Nimesema chembe ya moyo si moyo, lakini mtu mzima akipata maumivu mazito hapo au katikati ya kifua, yanayosambaa mkononi au kwenye taya, huku anatoka jasho la baridi, usimpe maziwa ukamwambia ni vidonda vya tumbo. Mpeleke hospitali muda huohuo. Moyo nao hujua kusingizia tumbo.

Nenda buchani

Njia rahisi ya kusoma moyo haimo kwenye vitabu vyetu vya bei ghali. Nenda buchani asubuhi, mwambie muuzaji akuuzie moyo wa ng'ombe mzima, asiukate. Ni mkubwa kuliko wetu mara kadhaa, lakini ramani ni ileile.

Ukiushika utaona kwanza mafuta ya njano juu, na ndani ya mafuta hayo mishipa myembamba inayotambaa kama mizizi. Hiyo ndiyo inayoulisha moyo wenyewe. Watu wengi hushangaa hapa: moyo umejaa damu, sasa unahitaji mishipa mingine ya nini? Jibu ni kwamba damu iliyomo vyumbani inapita tu, kama maji ndani ya bomba. Bomba halinywi maji yanayopita ndani yake. Msuli wa moyo ni mnene, unahitaji kuletewa damu yake kwa mishipa yake, na ile mishipa ikizibwa na mafuta au damu iliyoganda, kipande cha msuli kinakufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Sasa ukate katikati kwa urefu. Utaona vyumba vinne, kama tulivyofundishwa shule ya msingi: auriko mbili juu na ventriko mbili chini. Auriko kuta zake ni nyembamba, kwa sababu kazi yake ni kupokea damu na kuishusha ghorofa ya chini tu. Ventriko ni nene. Lakini linganisha ventriko zenyewe: ya kushoto ni nene karibu mara tatu ya ile ya kulia. Sababu ni safari. Ventriko ya kulia inapeleka damu kwenye mapafu, ambayo ni majirani. Ya kushoto inapeleka damu kichwani, kwenye figo na mpaka kidole gumba cha mguu. Msuli hukua kulingana na mzigo. Kumbuka sentensi hiyo, tutaihitaji tukifika machimboni.

Kati ya kulia na kushoto kuna ukuta usio na tundu. Ukuta huu uliwasumbua wasomi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya humo kwa vitundu visivyoonekana, na watu wakamwamini. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damasko aliyefanya kazi Kairo, aliandika kwamba hakuna tundu: damu ya kulia haina njia ya kufika kushoto ila kwa kuzunguka kupitia mapafu. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akachapisha kitabu kinachoonesha mzunguko mzima, kwamba damu ni ileile inayozunguka, haitengenezwi upya kila mara kutokana na chakula.

Basi njia ni hii. Damu iliyochoka, yenye kabonidayoksaidi nyingi, inarudi kutoka mwilini na kuingia auriko ya kulia. Inashuka ventriko ya kulia. Inasukumwa mapafuni, inaacha hewa chafu na kubeba oksijeni. Inarudi auriko ya kushoto, inashuka ventriko ya kushoto, na kutoka hapo inarushwa kwenye aota, ule mshipa mpana mgumu ambao buchani unaweza kuingiza vidole viwili. Aota inagawa matawi, matawi yanagawa vijitawi, mpaka vimishipa vyembamba kuliko unywele vinavyoifikia karibu kila seli. Halafu safari inaanza upya.

Kwa pigo moja mtu mzima aliyetulia hutoa karibu mililita 70 za damu. Kwa mapigo 70 kwa dakika, ni kama lita 5, yaani karibu damu yote uliyonayo. Fanya hesabu ya siku nzima: zaidi ya lita 7,000. Kwetu Samuye maji tunayapima kwa dumu la lita 20. Moyo wako umeshusha madumu zaidi ya 350 tangu jana saa kama hizi, na hukutoa hata asante.

Pampu ya mkono na vali zake

Mtu wa Shinyanga hahitaji kufundishwa sana kuhusu pampu. Miaka ya 1970 mkoa wetu ulikuwa na mradi mkubwa wa visima vifupi uliofadhiliwa na Uholanzi, na pampu za mkono zikaenea vijijini. Aliyewahi kupiga pampu ya kisima anajua jambo moja: siri haimo kwenye mpini. Siri imo kwenye vali iliyoko ndani ya bomba, kile kifuniko kinachoruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi. Vali ikiisha, unapiga mpini mpaka mabega yanawaka, maji yanapanda kidogo na kurudi kisimani.

Moyo una vali nne. Mbili ziko kati ya auriko na ventriko, kulia na kushoto. Mbili ziko kwenye njia za kutokea, moja ya kwenda mapafuni na moja ya kwenda aota. Kwenye ule moyo wa ng'ombe utaziona: vibamba vyeupe, laini, vyepesi kama kitambaa cha kanga iliyofuliwa sana. Vile vya katikati vimefungwa kwa nyuzi nyeupe ngumu zilizoshikizwa kwenye msuli, kama kamba za mwavuli, ili pigo likija vibamba visipinduke kuelekea juu.

Ule mlio wa "du-dup" unaousikia ukiweka sikio kifuani kwa mtu ni mlio wa milango hiyo kujifunga. Wa kwanza ni vali za katikati, wa pili ni vali za kutokea. Daktari anapokuwekea kile chombo cha baridi kifuani, kazi yake kubwa ni kusikiliza milango. Mlango mzima unafunga kwa mlio safi. Mlango mbovu unaacha sauti ya upepo au mtiririko kati ya milio hiyo miwili.

Na mlango huharibika kwa namna mbili. Unaweza kuvuja, damu ikarudi ilikotoka. Au unaweza kuganda na kubana, damu ikapita kwa shida. Vyovyote vile, damu inajazana nyuma ya mlango. Ikiwa ni mlango wa kati wa upande wa kushoto, nyuma yake kuna mapafu. Mapafu yakilowa, mtu anahema akitembea, usiku hawezi kulala chali, anakohoa, na akiamka anakaa kitandani kutafuta hewa. Majirani watasema ana kifua.

Umeme, na siri ya kupumzika

Moyo haungoji amri ya ubongo ili upige. Juu kwenye auriko ya kulia kuna kikundi kidogo cha seli zinazojitengenezea umeme. Cheche inaanzia hapo, inasambaa auriko zote mbili, inasubiri kidogo kwenye kituo cha katikati ili ventriko zijae, kisha inateremka na ventriko zinajikamua kwa pamoja. Ubongo unaweza kusema "ongeza" au "punguza", kama unavyoona matokeo ya mitihani yanapobandikwa, lakini pigo lenyewe ni mali ya moyo.

Ukiwa na mapigo 75 kwa dakika, pigo moja linachukua sekunde 0.8. Katika hizo, ventriko hujikamua kwa sekunde 0.3 tu, na zinapumzika sekunde 0.5. Yaani mfanyakazi tunayemsifu kwamba halali, muda mwingi amepumzika! Na ni katika kupumzika huko ndipo msuli wa ventriko ya kushoto unapata sehemu kubwa ya damu yake, kwa sababu ukiwa umekaza unaibana mishipa yake wenyewe. Moyo ukienda mbio sana, kinachopunguzwa zaidi ni mapumziko. Wale wa kupiga msuli usiku kucha kwa makopo manne ya vinywaji vya kuongeza nguvu, hesabu ndiyo hiyo.

Unaweza kujipima sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, kati ya 60 na 100 ni kawaida. Kama mapigo yanaruka ovyo, au yanazidi hapo bila sababu siku hadi siku, nenda kituo cha afya.

Koo la mtoto, moyo wa mtu mzima

Sasa tuje kwenye ile sindano.

Kuna bakteria aina ya streptokoka wanaoshambulia koo la watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Mtoto anapata homa, koo linauma, tonsesi zinavimba, kumeza ni tabu. Mara nyingi siku chache baadaye anapona mwenyewe, na hapo ndipo mtego ulipo. Kinga ya mwili imeunda silaha za kumpiga bakteria yule, lakini baadhi ya viungo vya mwili, pamoja na vali za moyo, vina sehemu zinazofanana naye. Silaha zinachanganya adui na mwenyeji. Wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona, mtoto anaumwa tena: homa, goti linavimba, likipona kifundo cha mguu kinaanza, kisha kiwiko. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Maungio yatapona. Vali zinaweza zisipone. Kila homa mpya inaongeza kovu, na vile vibamba laini kama kanga vinakuwa vigumu kama ngozi iliyokauka juani.

Ugonjwa huu unapenda mahali ambapo watoto wengi wanalala chumba kimoja na zahanati iko mbali. Nchi tajiri umepungua sana. Huku kwetu, Afrika Mashariki, bado uko, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziushughulikie.

Na kwetu mtoto mwenye koo hupelekwa wapi? Wengi hupelekwa kukatwa kimeo. Mtoto anakohoa au koo linamuuma, mzee wa kijijini anafungua kinywa, anaona kimeo kimevimba, anakikata. Ndugu zangu, kimeo kimevimba kwa sababu koo zima limevimba. Kukikata hakumgusi yule bakteria hata kidogo, na kunaweza kumletea mtoto kutokwa damu nyingi au maambukizi mengine. Wakati huo dawa inayohitajika ni penisilini. Ikitolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, inazuia homa ya baridi yabisi. Si kila koo ni la bakteria. Mafua na kikohozi pamoja na koo mara nyingi ni virusi, havihitaji antibayotiki. Anayeamua ni mhudumu wa afya, si duka la dawa na vidonge vitatu vya kujaribia.

Nina dada, mtoto wa mama yangu mkubwa. Tulikuwa tukienda naye shambani kuvuna viazi vya kutengenezea michembe, na tangu darasa la sita alikuwa anabaki nyuma. Tulimwita mvivu, naye alicheka tu. Alipopata mimba ya kwanza, mwezi wa sita, alianza kuhema hata akiwa amekaa. Kwenye zahanati moja alipewa dawa ya kikohozi mara tatu. Nyumbani yakaanza maneno kwamba kafungwa kifua na mtu, na jina la bibi mmoja jirani likaanza kutajwa kwa sauti ya chini.

Wanaotoka kwetu wanajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Mkoa wa Shinyanga umezika vikongwe wengi walioitwa wachawi baada ya ramli chonganishi. Ugonjwa usio na kidonda ni chakula cha mpiga ramli.

Aliyetuokoa ni nesi kijana wa hospitali moja ya mjini. Alimwamkia mama mkubwa, "Shikamoo mama, naomba nimsikilize mgonjwa kwanza," akaweka kile chombo kifuani, akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwita daktari. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kilionesha vali ya kushoto imebana kama tundu la kifungo. Miaka yote ilikuwa imebana hivyo. Ila mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na tundu lile dogo halikuweza tena kuipitisha.

Alijifungua salama chini ya uangalizi, na baadaye akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam akawekewa vali ya chuma. Ng'ombe sita waliuzwa. Kila siku anameza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali hiyo, na damu yake inapimwa mara kwa mara maisha yake yote. Yule bibi jirani bado yupo, na mtoto wa dada anamwita bibi.

Zamani wagonjwa wa aina yake walikuwa wakingoja kupelekwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ni hatua kubwa, lakini kutoka Samuye mpaka huko ni karibu kilomita elfu moja. Kuna jambo ambalo wafugaji wenzangu watalipenda: baadhi ya vali wanazowekewa binadamu hutengenezwa kwa ule mfuko unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Hata hivyo, ningependa ng'ombe atusaidie akiwa zizini, si kwa kuuzwa sita kwa mpigo kwa ajili ya ugonjwa ambao sindano ingeuzuia.

Kwa aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi, penisilini ile ile huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili homa isirudi. Inauma, na watoto wengi huacha wakijiona wazima. Ukimjua mmoja, msindikize.

Vumbi la machimboni

Nilisema msuli hukua kulingana na mzigo. Vijana wengi wa kwetu wanakwenda Mwakitolyo, Kahama na Geita kutafuta dhahabu. Wale wa kwenye karasha, wanaosaga mawe makavu, wanavuta vumbi lenye silika siku nzima. Vumbi hilo linaacha makovu mapafuni na linamrahisishia kazi kifua kikuu. Mishipa ya mapafu inabanwa na makovu, na ventriko ya kulia, ile nyembamba iliyozoea safari fupi, inalazimika kusukuma mlima. Inanenepa, inatanuka, mwisho inachoka. Damu inajazana nyuma yake, miguu inavimba, tumbo linajaa maji. Watu huangalia miguu na kusema amekanyaga kitu, kumbe kisa kilianzia puani. Kulowesha mawe kwa maji kabla na wakati wa kusaga hupunguza vumbi sana. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, kwa sababu chembe zinazoua ndizo ndogo kuliko zote.

Likizo inakuja

Wengi wetu tutarudi nyumbani mwezi ujao, na kule sisi ndio wanaoitwa wasomi. Sikuombi ukapime watu mapigo. Nakuomba mambo matatu. Mtoto akiumwa koo lenye homa, mwambie mama yake ampeleke zahanati wiki hiyohiyo, na kimeo kiachwe. Mtoto akiwa na maungio yanayovimba kwa kuhamahama, au binti anayehema kuliko wenzake, wamwombe mhudumu amsikilize moyo, kwa neno hilohilo: "msikilize moyo." Na ukisikia jina la bibi wa watu linaanza kutajwa kwa sauti ya chini, uliza kwanza kama mgonjwa amepimwa.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina pendekezo moja. Kila mwaka wiki ya wanachuo wapya tunawapima presha na kuwapa fulana. Tuwaombe wenzetu wa kitivo cha afya waje na madaktari wao siku hiyo wawasikilize pia mioyo. Wapo kati yetu, wametoka vijiji kama changu, ambao tangu darasa la sita wamekuwa wakiitwa wavivu.